Furu wako amepauka? Kabla hujanunua chakula cha rangi soma hii

Swali linaloulizwa sana na watu wanaofuga samaki wa urembo ni hili: dume dukani alikuwa mwekundu au bluu ya kuwaka, nimemleta nyumbani wiki haijaisha kawa kijivu, nimpe chakula gani arudishe rangi? Na muuzaji naye hapo hapo anakutolea kopo limechorwa samaki wa rangi saba, bei imechangamka.

Mi nasema kopo lisubiri kwanza. Chakula kinahusika ndiyo, ila kiko mwisho mwisho kwenye foleni, na kuna rangi ambazo chakula hakiziongezi hata umpe gunia zima. Dume anatoa rangi kwa sababu kuna samaki mwingine anaiona, awe jike wa kumvutia au dume mwenzake wa kumtisha, na akiona rangi inamletea kipigo anaizima mwenyewe. Kwahiyo kabla ya yote inabidi ujue samaki wako anaona nini humo ndani ya tangi.

Nazungumzia hawa wa maziwa yetu makubwa, furu wa Victoria, mbuna na wenzao wa Nyasa, na wale wa Tanganyika wanaosafirishwa kutoka Kigoma. Wote ni familia moja na sato, kitaalamu wanaitwa sikilidi. Mengi humu yatakusaidia hata kama unafuga gapi au samaki wa dhahabu, ila mifano yangu ni ya hawa maana ndo samaki waliochunguzwa macho mpaka basi.

Jiulize rangi imepotea kwa kasi gani

Hii ndo hatua ya kwanza na haina gharama. Kwenye ngozi ya samaki kuna seli zenye chembechembe za rangi, nyeusi, njano na nyekundu, na chembe hizo zinatembea. Zikisambaa kwenye seli nzima rangi inakolea, zikijikusanya katikati samaki anapauka, na kinachoziamrisha ni mishipa ya fahamu pamoja na homoni, ndo maana mabadiliko yanaweza kutokea ukiwa umesimama hapo hapo unaangalia. Kuna furu mmoja wa upande wa Tanganyika anaitwa Astatotilapia burtoni, dume mwenye himaya anakuwa bluu au njano na ana mstari mweusi unaopita kwenye jicho, akinyang'anywa himaya mstari unafutika na yeye anapauka ndani ya dakika chache tu. Hajaumwa wala hajakosa vitamini, ameshushwa cheo.

Kwahiyo kama samaki wako amepauka ghafla, leo asubuhi alikuwa vizuri mchana kafifia, tafuta kitu kilichotokea leo: ugomvi, kuhamishwa, maji yamebadilishwa mengi kwa mpigo, joto limeshuka. Kama amepauka taratibu kwa wiki kadhaa, hapo idadi ya seli zenyewe inaweza kuwa imepungua, na sababu yake ni ya muda mrefu, mara nyingi mchanga, mwanga au chakula. Ukikosea hapa utahangaika na chakula miezi kumbe tatizo ni jirani mkorofi.

Na usimhukumu samaki usiku. Wengi wanapauka wakilala, ukiwasha taa saa tisa usiku utadhani wanakufa. Mwache nusu saa na mwanga ndo umwangalie.

Kama kupauka kunaenda pamoja na kubana mapezi, kuhema haraka, kugoma kula au kinyesi cheupe kama uzi, acha habari za rangi, huyo anaumwa, shughulika na maji na ugonjwa kwanza.

Anaishi na nani

Hapa ndo penye majibu mengi. Kwenye tangi la mbuna au furu ni madume wachache sana wanaoruhusiwa na wenzao kuvaa rangi kamili, mara nyingi mmoja tu kwa kila aina. Wale waliobaki wanavaa rangi za majike ili wasipigwe. Sasa mtu ananunua madume sita wa aina moja, wote dukani walikuwa wanang'aa maana dukani wamejazana kiasi kwamba hakuna anayeweza kushika himaya na kuwapiga wenzake, akiwafikisha kwenye tangi dogo mmoja anakuwa mfalme na watano wanakuwa kijivu, halafu lawama anapewa muuzaji.

Dume mmoja kwa majike watatu au wanne, au zaidi, ndo mpango unaofanya kazi. Usimweke bila jike kabisa ukategemea rangi ya juu, ingawa wapo wanaofuga madume watupu wa aina tofauti tofauti na inawezekana, sharti tu wasifanane. Kufanana ndo kosa lenyewe. Utafiti wa furu wa Ghuba ya Mwanza umeonyesha kwamba dume anamvamia zaidi dume mwenye rangi kama yake kuliko mwenye rangi tofauti, yani wa bluu anamwona wa bluu mwenzie kuwa ndo mshindani, yule mwekundu hamsumbui sana. Kwahiyo ukichagua madume, changanya rangi, mmoja bluu, mmoja njano, mmoja mwekundu, mmoja wa mistari, hiyo peke yake inapunguza vita.

Tangi liwe na urefu wa kutosha, lita 200 kwenda juu kwa mbuna, na mawe yapangwe yagawanye sehemu ili samaki asimwone mwenzake kutoka mwanzo hadi mwisho wa tangi. Dume aliyeshindwa akipata kona ambayo mfalme haioni, utashangaa anaanza kurudisha rangi hapo hapo kwenye kona yake. Na ukitaka kuvunja ufalme wa mkorofi, hamisha mawe yote siku moja, kila mtu aanze upya kutafuta mahali.

Mchanga na ukuta wa nyuma

Samaki anajifananisha na sakafu. Ukimweka juu ya mchanga mweupe na nyuma umeacha kioo kitupu kinachoingiza mwanga wa dirisha, jicho lake linapima mwanga unaotoka chini na ule unaotoka juu, na mwili unapewa amri ya kupauka ili asionekane na ndege. Hiyo amri ikidumu wiki nyingi mwili unapunguza hata seli nyeusi zenyewe. Weka mchanga wa rangi ya kahawia au kijivu cha kukolea, nyuma ya kioo bandika karatasi nyeusi au bluu nzito, hata rangi ya kupaka kwa nje inafaa. Hii ndo kazi ya bei rahisi kuliko zote humu na matokeo yake ya kwanza utayaona haraka.

Wengine wanapenda mchanga mweupe wa ufukweni wenye vipande vya makome kwa sababu unasaidia kupandisha ugumu wa maji, na ni kweli samaki wa Nyasa na Tanganyika wanataka maji magumu yenye pH ya juu ya 7.5, wa Tanganyika hata karibu na 9. Kama maji yako ni laini weka makome ndani ya filta kwenye mfuko wa neti, faida utaipata bila kumulika tangi zima kwa weupe. Makome uyaoshe vizuri chumvi iishe, na tafadhali usiende kuvunja matumbawe.

Taa, na hapa tukae kidogo

Binadamu tunaona rangi kwa aina tatu za seli za jicho. Samaki wa dhahabu ana nne, na ya nne inaona mionzi ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni kabisa. Hawa sikilidi wana jeni (vinasaba) saba za protini za kuona rangi, kuanzia urujuanimno hadi nyekundu, lakini kila aina inatumia hasa tatu hivi kulingana na mwanga wa pale anapoishi. Mbuna wengi wa Nyasa, ziwa lenye maji meupe, wana macho yaliyoegemea upande wa urujuanimno na bluu. Furu wa Victoria, ziwa lenye maji ya tope na kijani, wameegemea upande wa nyekundu.

Sababu yake ni maji yenyewe. Kwenye maji safi rangi nyekundu inamezwa mapema, ukishuka mita kumi hivi karibu yote imeisha, inabaki bluu. Kwenye maji yenye tope na mimea midogo ni kinyume, bluu ndo inakufa haraka, na kadri unavyoshuka mwanga unaobaki ni wa njano na chungwa.

Sasa angalia kilichotokea pale Mwanza. Kuna furu wawili ndugu, Pundamilia pundamilia ambaye dume wake ni wa bluu na anakaa juu juu karibu na mawe ya kina kifupi, na Pundamilia nyererei, jina limetoka kwa Mwalimu Nyerere, dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano na anakaa chini zaidi kwenye mwanga wa chungwa. Majike wao ukiwaona utasema ni samaki mmoja. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliwafuatilia miaka mingi na wakakuta hata jeni ya kuona nyekundu inatofautiana: ya yule wa chini imesogea zaidi upande wa nyekundu. Yani jicho limefuata mwanga, na rangi ya dume imefuata jicho la jike. Pale kisiwa cha Makobe ambako unaona zaidi ya mita 2 ndani ya maji, hao wawili wamejitenga kabisa. Pale Luanso, maji machafu, unaona kama nusu mita tu, unakuta samaki wa katikati katikati, wamechanganyikana, rangi hazieleweki.

Na wakapeleka jambo hilo maabara. Chini ya mwanga mweupe jike alimchagua dume wa aina yake. Wakabadilisha taa ikawa ya chungwa tupu, ule utofauti wa bluu na nyekundu ukawa hauonekani tena, na jike akaacha kuchagua kwa rangi. Jaribio jingine likaonyesha kwamba kwenye mwanga mweupe dume mwekundu huwa anamshinda wa bluu kwenye ugomvi, ukiweka taa ya kijani ule ubabe unapungua maana wekundu wake hauonekani vizuri.

Nimeeleza yote hayo kwa sababu ya zile taa za LED za rangi rangi unazoziona kila mahali, ile rimoti yenye vitufe ishirini. Ukiweka bluu tupu ili samaki wa bluu "atoke" kwenye picha, wewe unafurahi, lakini dume mwekundu umemzima, anaonekana mweusi kwa jike na kwa wapinzani. Ukiweka zambarau hivyo hivyo unachagua nani aonekane. Fanya hivi: chukua taa nyeupe, 6500K (namba ya rangi ya mwanga, imeandikwa kwenye boksi) au karibu na hapo, yenye uwezo mzuri wa kuonyesha rangi zote, kwenye boksi wanaandika CRI, tafuta 90 au zaidi ukipata, 80 si mbaya. Kama unafuga samaki wa Nyasa wa bluu unaweza kuongeza mstari mmoja wa LED ya bluu juu ya nyeupe, ila nyeupe ndo iwe kubwa. Kwa furu wekundu wa Victoria taa nyeupe yenye ujoto kidogo, 5000K hivi, inakaa vizuri na mwanga usiwe mkali sana, hawa wamezoea kiza kiza.

Saa nane hadi kumi kwa siku zinatosha. Weka taimeri uwashe na kuzima muda ule ule, maana taa ya kuwaka hadi usiku wa manane inawachosha na inakulimia mwani tu. Jua la moja kwa moja dirishani lina mionzi mizuri lakini linapandisha joto na mwani, asubuhi kidogo sawa, mchana wa Dar hapana.

Halafu kuna kitu hutaweza kurekebisha nyumbani: LED nyeupe haitoi urujuanimno, kwahiyo mbuna wako sehemu ya rangi yake ambayo mwenzie angeiona ziwani haionekani tangini. Anaishi tu, anazaa tu, usijisumbue kununua taa za mionzi hiyo, zinaweza kukuumiza macho wewe.

Ukitaka kumpima mwenyewe

Kuna watu hawaamini kama samaki anaona rangi, na si wa leo. Mwanzoni mwa karne iliyopita Ujerumani kulikuwa na daktari mkubwa wa macho, Carl von Hess, alisema samaki haoni rangi kabisa, kijana Karl von Frisch akambishia kwa kuwafundisha samaki wadogo wa mtoni kufuata rangi ili wapate chakula. Yule yule aliyekuja kupata Nobel mwaka 1973 kwa kazi zilizohusu nyuki. Unaweza kufanya kama yeye sebuleni.

Kata kadi moja ya bluu na kadi nyingine kama sita za kijivu, kuanzia kijivu cheupe hadi kinachokaribia nyeusi. Zile kijivu ndo siri ya jaribio, maana bila hizo samaki anaweza kuwa anafuata weupe au weusi wa kadi na wala siyo rangi. Bandika kadi kwa nje ya kioo, ndani hapana, ili harufu isiingie kwenye hesabu. Kwa siku kadhaa mlishe mbele ya ile ya bluu tu, na kila mara badilisha mahali pake asije akakariri kona. Kisha siku ya mtihani weka kadi zote, usiweke chakula, rudi nyuma usimame mbali na uangalie anakwenda wapi kwanza. Sikilidi wana akili, wanashika haraka, shida yako itakuwa kuwazuia wasikufuate wewe badala ya kadi.

Rudia na kadi nyekundu, kisha badilisha taa iwe ya bluu tupu na ujaribu ile nyekundu tena. Akishindwa hapo utakuwa umeelewa kwa macho yako ile habari ya Mwanza.

Chakula sasa

Nyekundu, chungwa na njano nyingi za samaki zinatokana na rangi za asili zinazoitwa karotenoidi, na hakuna samaki anayezitengeneza kutoka sifuri, lazima azile. Ziwani anazipata kwa wadudu, vikrasteshia vidogo na mwani. Nyumbani dawa ya bei rahisi iko sokoni: uduvi. Wana astaksanthini, karotenoidi nyekundu, ile ile inayotiwa kwenye makopo ya bei. Nunua waliokauka wasio na mchanga, loweka na suuza chumvi, saga, changanya kidogo kwenye chakula cha kawaida mara mbili tatu kwa wiki. Ongeza spirulina (mwani wa unga) kwa ajili ya wala mwani. Karoti watu wanaisifia sana, inasaidia kidogo kwa baadhi ya samaki, haifikii uduvi. Matokeo ni ya wiki nyingi, usikae na rula kila asubuhi.

Mbuna na Tropheus (wa Tanganyika) ni wala mwani, ukiwajaza protini wanavimba matumbo na kufa, kwahiyo kwao uduvi uwe wa kuonja tu. Moyo wa ng'ombe usiwape kabisa.

Bluu haitokani na chakula. Bluu ya sikilidi haina rangi ndani yake kabisa, ni fuwele nyembamba za guanini kwenye ngozi zinazorudisha mwanga wa bluu, na nyuma yake kuna seli nyeusi zinazomeza mwanga uliobaki ili bluu isimame. Kwahiyo dume wa bluu aliyepauka anahitaji mchanga mweusi, cheo na maji safi, kopo la chakula cha rangi kwa ajili yake ni hela imepotea. Ni samaki wachache sana duniani wenye rangi halisi ya bluu kwenye seli, kama mandarini wa baharini, na hata yeye simwoni kwenye tangi la wengi wetu.

Unapokuwa dukani

Sikilidi wadogo kwa kawaida wanafanana na mama zao. Ukikuta tangi zima la vifaranga wa Aulonocara (sikilidi wa Nyasa) wa sentimita 4 au 5 na wote wanawaka rangi kamili, hata wale ambao kwa hesabu ya kawaida nusu yao ni majike, shuku homoni. Methyltestosterone ni dawa ile ile ambayo wafugaji wa sato wanaijua kwa kugeuza vifaranga wawe madume, na kwenye biashara ya urembo kuna wanaoitumia kuwahisha rangi. Ukishawafikisha nyumbani dawa inaisha mwilini, rangi inafifia, na hakuna taa wala uduvi utakaoirudisha hadi samaki akue mwenyewe, na majike waliopewa wanaweza wasizae vizuri. Uliza kuona wazazi. Wenye mabaka ya pinki au kijani ya kung'aa chini ya ngozi, hasa wale samaki vioo, wamechomwa sindano ya rangi, hao waache huko huko, ukinunua unalipia waletwe wengine.

Na kama kwenye tangi lako una aina mbili za furu wanaofanana majike, mwanga mbaya hautaishia kupausha madume. Majike watazaa na yeyote, utapata vifaranga vya mchanganyiko. Hao usiwauze kwa jina la aina moja wala usiwamwage ziwani au mtoni, hata kama unaishi hatua chache kutoka ufukweni pale Mwanza. Wagawie watu wenye matangi na uwaambie wazi kuwa ni machotara.